Usiitike Mwito wa Kwanza

Kitabu changu cha kwanza cha kuwatisha watoto kilichekwa. Cha pili kiliwatisha kweli, na nusura kinitenganishe na dada yangu. Watu huniuliza juu ya hicho cha pili. Wanakishika, wanatazama kichuguu kilichochorwa kwenye jalada, wanakipindua kutafuta picha yangu na hawaipati, halafu wanataka kujua nilikitoa wapi. Nikiwajibu kwamba nilikitoa nyuma ya nyumba yetu, Naviundu, wanadhani natania.

Sikusoma sana. Niliacha shule mwaka wa sita wa msingi, na hakukuwa na msiba wowote wa kusimulia. Miguu ilikuwa inaniwasha tu. Nimefyatua matofali, nimepaka rangi vibao vya vinyozi, nimesindikiza malori ya mahindi kutoka mpakani Kasumbalesa, nimetengeneza redio ambazo wenyewe walikuwa wameshazikatia tamaa. Kazi nyingi niliziacha kabla watu hawajazoea jina langu. Lakini kila nilipopita niliuliza maswali. Dereva mmoja wa lori alichoka nami tukiwa bado hatujafika nusu ya safari. "Weye," aliniambia, "unauliza kupita bantu ba douane pale mupaka. Bao banaulizaka juu ya mizigo tu."

Kuandika kulinikuta mtaa wa Golf, nilipokuwa mlinzi wa mchana kwenye villa moja. Watoto wa nyumba ile walikuwa wamekua na kwenda zao Ulaya, na siku moja mama mwenye nyumba alitoa nje katoni ya vitabu vyao vya utotoni ili mtunza bustani avichome pamoja na majani. Nikaviomba. Nilivisoma vyote kwenye kibanda changu cha getini, kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, na karibu nusu yake vilikuwa vya kutisha: majumba ya mawe, minyororo, theluji, mwanamke mweupe anayeshuka ngazi ameshika mshumaa. Nakumbuka asubuhi moja, jua kali, mtunza bustani akifyeka mbele yangu huku akiimba, na mimi mtu mzima mwenye mvi naogopa kugeuza shingo nitazame nyuma ya kiti. Nilifunga kile kitabu nikakitazama kama mtu anavyotazama mashine asiyoielewa. Karatasi tu. Nani ameweka woga humu ndani, na ameuweka kwa njia gani? Nikataka kujaribu mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa watoto wa kwetu.

Niliandika kwenye madaftari ya shule, manne. Nililijenga jumba langu kando ya barabara ya kwenda Likasi, nikaliwekea ngazi, minyororo na yule mwanamke mweupe. Nikaliwekea na theluji juu ya paa, kwa sababu vitabu vyote nilivyosoma vilikuwa nayo.

Nina rafiki ambaye tuliketi naye benchi moja tukiwa wadogo. Yeye alibaki shuleni mpaka akawa mwalimu, na sasa anafundisha darasa la tano huko Kamalondo. Alinipa saa ya mwisho ya Ijumaa nisome mbele ya wanafunzi wake. Nilisoma kwa sauti nzito. Walianza kucheka kwenye theluji. Mwanamke mweupe alipotokea na mshumaa wake, msichana mmoja wa benchi la mbele, mwenye doa la wino shavuni, akanyoosha kidole.

"Papa, ule mama anashukaka ngazi. Sasa kwetu hakuna ngazi. Atanikamata namna gani?"

Darasa likaangua kicheko. Mvulana mmoja nyuma akaongeza, "Na ile minyororo batamuibia. Batauzisha ku bantu ba vyuma chakavu."

"Na mushumaa pia," mwingine akasema. "Courant ikikatika, taa zikizimika, tutamuomba atuachie."

Nilimaliza ukurasa ule kwa shida. Mwalimu alinisindikiza mlangoni akijifuta machozi. "Umebachekesha muzuri sana," alisema. "Ni kitabu ya kuchekesha, si njo vile?"

Kabla sijaondoka nilimtafuta yule msichana wa doa la wino, nikamuuliza yeye anaogopa nini. Sikumuuliza kwa hasira. Nilitaka kujua. Alifikiri kidogo, akiwa anafunga mkoba wake.

"Mi naogopa kama mama ananyamaza."

"Akikasirika?"

"Hapana. Mi niko inje, yeye iko mu nyumba, na sisikie chungu, sisikie maji, sisikie kitu. Kunanyamaza kabisa. Pale njo naogopa."

Nilirudi kwa miguu kutoka Kamalondo mpaka nilikokuwa nakaa, na njia nzima sikuuliza mtu swali lolote. Mtoto yule alikuwa amenirudisha nyumbani kwetu, saa sita mchana, nikiwa na miaka minane.

Nyuma ya nyumba yetu ya Naviundu kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko paa letu. Mtu wa kwetu hashangai kusikia hivyo. Vichuguu vyetu huota miti mgongoni na huonekana kama vilima. Masika yalipoanza kilitoa bowa, uyoga mpana ambao mtoto aliweza kujikinga nao mvua. Asubuhi za baridi za mwezi wa sita nilitia mkono kwenye tundu moja upande wa mashariki, na hewa iliyotoka ndani ilikuwa na joto, kama pumzi ya mtu aliyelala. Upande wa pili mjomba wetu alikata udongo wa kufyatulia matofali. Hakukata ovyo. Kila mwanzo wa kiangazi, kabla jembe halijagusa kitu, alivua kofia, akamwaga unga kidogo chini ya kichuguu na kusema na wenye mahali: kwamba anaomba udongo, kwamba ana watoto, kwamba kichwa cha kichuguu hatakigusa. Kisha alingoja. Nilimuuliza anangoja nini, akaniambia anangoja kuona kama moyo wake mwenyewe unakubali. Nyumba yetu, na nyumba nyingi za mtaa ule, zilitoka ndani ya kichuguu kile.

Mama alipika munkoyo. Ni kinywaji cha mahindi: unachemsha uji mwepesi kwenye sufuria kubwa, unauacha upoe mpaka kidole kiweze kuuvumilia, ndipo unatia mizizi iliyopondwa, na siku ya pili unakuwa mtamu wenye uchachu kidogo. Sufuria ya mama ilikuwa kubwa kiasi kwamba mimi ningeweza kuketi ndani. Alipikia uani, juu ya mawe matatu, na saa sita ndiyo ilikuwa saa yake ya kuchemka.

Saa hiyo mimi niliachwa mikononi mwa dada yangu. Nilimwita yaya, kama tunavyoita kwetu ndugu mkubwa. Alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa na mapenzi na foto-roman, yale magazeti ya hadithi za picha, wanaume wenye nywele za mafuta na wanawake wanaolia kwenye simu. Rafiki yake mmoja alimwazima gazeti moja kila mara, na ilibidi kulirudisha jioni. Alisoma akiwa ameegemea ukuta wa pembeni, kwenye kivuli chembamba kilichobaki. Shida yake ilikuwa mimi. Mama akiniita nikalete chumvi kwa jirani, niliitika mara moja na kuondoka mbio, na chumvi ilinifikisha mpaka relini au mtoni, na yeye akalazimika kufunga gazeti na kunitafuta. Lakini alikuwa amegundua jambo: mama akiita na asipojibiwa, mara nyingi alinung'unika tu na kwenda mwenyewe.

Basi siku moja aliniketisha chini ya kichuguu na kuniambia kwa sauti ya chini kabisa.

"Unaona kivuli yako? Saa sita inaingia chini ya miguu. Kichuguu pia, kivuli yake inaisha. Sasa bale benye kukaa mule ndani, mulango yao inafunguka. Banaita mutoto na sauti ya mama yake. Lakini bana nguvu ya kuita mara moja tu. Mama ya kweli anaitaka mara mbili. Unasikia? Ya kwanza usiitike."

"Na kama naitika?"

"Unaingia."

"Nitatoka?"

"Utatoka. Lakini utatoka tofali."

Nilitazama tanuru ya mjomba, halafu nikaitazama nyumba yetu. Yaya aliona nilikotazama. Aliniacha nimalize mwenyewe hesabu. Tangu siku ile niliweka sikio langu ukutani kila asubuhi. Nililala nikiwa nimesogea mbali na ukuta. Na kila mchana yaya aliongeza kitu: kwamba tofali lenye ufa ni mtoto aliyekuwa anacheka alipoitwa, kwamba ukuta ukitoa jasho wakati wa masika ni kiu. Nilikuwa na furaha isiyo na mfano. Sijawahi kuogopa kwa raha vile tena.

Mchana mmoja nilisikia mwito. Ulikuwa mmoja, mfupi, kwa sauti ya mama. Nilibana mgongo kwenye udongo na kungoja wa pili. Haukuja. Nilitazama siafu wakipita na kujisifu moyoni kwamba nimewashinda wenye kichuguu. Uani kulikuwa kimya. Sikusikia chungu, sikusikia maji. Nilikaa vile muda ambao sijaweza kuupima mpaka leo, halafu nikasikia mama jirani akipiga kelele, na miguu ya watu wengi.

Jiwe moja la jikoni lilikuwa limeteleza. Sufuria ilikuwa imelala ubavu, na mama alikuwa chini, mguu wake wa kulia ndani ya uji, akiwa hana hata pumzi ya kulia. Alipona. Vidole viwili viliungana, na akachechemea maisha yake yote yaliyobaki, ambayo yalikuwa marefu na yenye vicheko vingi. Alirudi kupika munkoyo akiwa ameketi kwenye kiti kidogo. Hakutuuliza hata siku moja tulikuwa wapi. Na mimi na yaya hatukuzungumza juu ya siku ile, si wakati ule, si alipoolewa, si tulipomzika mama.

Haya yote yalinirudia kwa sababu ya mtoto mwenye wino shavuni. Kesho yake niliketi kwenye kibanda cha Golf na kuanza daftari jipya.

Niseme kidogo jinsi kilivyoandikwa, kwa kuwa ndilo swali ninaloulizwa. Mwanzoni niliwaandika watu wa kichuguu wakiwa na meno marefu. Nilisoma kwa sauti, nikaona meno yanachekesha, nikayatoa. Nikatoa macho. Nikatoa mikono ya udongo niliyokuwa naipenda sana. Kila nilichotoa, ukurasa ulizidi kuwa baridi, mpaka ikabaki sauti tu, na ukuta. Niliuliza pia: wapishi, waendesha baiskeli za kubebea makaa, mama mmoja mwuza sombe, yale majani ya muhogo, kila mtu, alikuwa anaogopa nini alipokuwa mdogo. Hakuna aliyenitajia meno. Walinitajia mlango uliokuwa wazi, nguo iliyoanikwa, baba aliyetembea bila kutoa sauti.

Mhusika wangu alikuwa mvulana. Mama yake anaita mara moja, yeye hajibu, na mwishoni inajulikana kwamba kweli ilikuwa ni kichuguu. Mvulana amejiokoa kwa kutii sheria. Mguu wa mama haukuwemo. Nilijiambia kwamba watoto hawahitaji mguu.

Ijumaa niliyosoma daftari lile, darasa lilikuwa kimya mpaka nikasikia chaki ikianguka darasa la jirani. Msichana wa wino alipandisha miguu juu ya benchi. Mvulana aliyekuwa amecheka minyororo aliweka kiganja ukutani, akakiondoa haraka na kukificha kwapani. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyeajiriwa kwa mara ya kwanza.

Wiki iliyofuata mwalimu alinipigia simu. Alisema nije, na alisema hivyo bila kunisalimu.

Uwanjani kulikuwa na akina mama saba au wanane. Aliyeanza alikuwa mnene, amefunga kitenge cha njano.

"Ni weye papa ulifundisha batoto basiitike?"

"Mama, ni hadisi tu."

"Hadisi. Mi naita mutoto, ananitazama tu vile, macho wazi, anangoja nirudilie. Nikirudilia, anasema: merci, mama."

"Wa kwako ana adabu," mwingine akadakia. "Mi niko na bassin ya maji ku kichwa, nasema fungua mulango. Ananijibu nini? 'Ita tena, mama, nijue kama ni weye.' Shingo inavunjika, yeye anafanya contrôle."

Wote walicheka, na mwalimu akacheka, na mimi nikacheka zaidi ya wote. Nilikuwa nimetunga kitu kilichotoka darasani kwa miguu yake na kuingia majumbani. Kulikuwa na mama mmoja mwembamba, mwenye ujauzito mkubwa, ambaye hakucheka. Alingoja tumalize.

"Siku ingine," alisema, "nitakuwa na nguvu ya kuita mara moja tu."

Mwalimu aliniambia nije Ijumaa inayofuata nilirekebishe jambo lile, la sivyo atawaambia watoto mwenyewe kwamba kitabu changu ni uongo. Nilikubali bila kujua nitasema nini.

Yaya ni mshonaji. Baraza lake liko Kamalondo, mashine mbili za kukanyaga, na nusu ya mtaa hupimwa kiuno pale. Mama wa kitenge cha njano alikuwa mteja wake. Jioni ya siku ile ile nilipata ujumbe kwamba yaya ananitaka, na kesho yake asubuhi nilikuwa mbele yake. Hakuinua kichwa. Alikuwa anapitisha mshono kwenye suruali ya kaki, mguu ukikanyaga taratibu.

"Nasikia uliandika kitabu."

"Nilitaka kukuletea ikiisha, yaya."

"Mjomba alikuwa anaombaka ruhusa ku udongo," alisema. "Anatoa kofia, anaomba. Weye ulishindwa kuniomba mimi?"

Nilimwambia kwamba hakuna jina lake wala langu mle, kwamba ni mchezo wa watoto, kwamba ni hadithi.

"Mguu ya mama ilikuwa hadisi?"

Ilikuwa mara ya kwanza, kwa miaka arobaini, mguu ule kutajwa kati yetu. Mashine iliendelea. "Choma ile kitabu," alisema. "Kama ulichomaka matofali, utaweza kuchoma karatasi."

Nilijua angeweza kuacha kunisemesha. Mimi ni mtu wa kuondoka. Yeye ndiye mahali pekee ambapo nimekuwa nikirudi. Kila kazi niliyoiacha niliiacha nikijua kwamba baraza lile lipo, na kwamba nitapewa bukari, ugali wa kwetu, na kuulizwa nimepotelea wapi. Nikasema kile nilichodhani kitamtua mzigo.

"Ni mimi sikuitika, yaya. Si weye. Mama aliniita mimi, na mimi njo nilinyamaza."

Mguu wake ukasimama. Sindano ilibaki imezama ndani ya kitambaa.

"Aliita nani?"

"Mimi."

"Hapana," alisema. "Aliita jina yangu."

Nilimtazama. Alikuwa anasema na suruali ile.

"Nilikuwa pa ukuta, na ile foto-roman. Nilisikia muzuri sana. Aliita jina yangu, mara moja. Nikataka kusimama. Halafu nikawaza: kama si yeye?"

"Lakini weye njo ulitunga."

"Mi njo nilitunga. Kila siku naongeza, naongeza. Ile ya jasho ya ukuta nilitunga asubuhi, mangaribi sikuweza tena kupita pale peke yangu. Unafikiri nilikuwa nakuogopesha weye tu?" Alitoa pini mdomoni na kuichoma kwenye kola ya blauzi yake. "Nilibaki na kidole ku ukurasa, nangoja aite tena."

Nimefikiri sana juu ya jambo hili na bado sijui mama aliita jina la nani. Mimi nina uhakika lilikuwa langu. Yeye ana uhakika lilikuwa lake. Tulikuwa pande mbili za nyumba moja, kila mmoja akingoja, na kila mmoja aliondoka na mwito ule kama wake peke yake. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na miaka minane na nilikuwa nimedanganywa, kwa hiyo nilipata mtu wa kumlaumu, hata kama sikumlaumu kwa mdomo. Yeye hakuwa na mtu.

"Mama alijua?" aliniuliza.

"Sijue, yaya."

Mteja alikuja kuchukua suruali. Yaya alimwambia azunguke soko kwanza. Mteja akatazama nyuso zetu, akaenda bila kubishana.

Niliogopa kumuomba, lakini hii ndiyo ilikuwa nafasi ya kuomba, nami nilikuwa nimechelewa vya kutosha. Nilimwambia kwamba akisema nikichome, nitakichoma pale pale uani kwake, naye atazame. Lakini nilimwambia pia kuwa kitabu kile kina kasoro, na kwamba ndiyo kwanza nimeijua: niliandika sheria ile bila mtu aliyeitunga.

Alinifanya nimsomee daftari lote kuanzia mwanzo, saa mbili nzima, wateja wakija na kuambiwa wangoje. Alinisahihisha. Udongo wa tundu la mashariki haukuwa mwekundu, ulikuwa wa kijivu. Mama hakuwa ananung'unika asipojibiwa, alikuwa anaimba kwa hasira, na hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilipofika mwisho, mvulana akiwa ameokoka, yaya alitikisa kichwa.

"Toa mutoto mwanaume. Weka musichana. Yeye njo alitunga, na yeye njo anaogopa. Na mguu, weka. Usiniandikie mama mwenye hajaungua."

"Na mwisho?"

Alikanyaga mashine mara mbili tatu, akasimamisha tena.

"Siku ingine saa sita inafika, banamuita tena mara moja. Hajue ni mama ao ni kichuguu. Aende."

"Na kama ni kichuguu?"

"Aende tu. Mutu anaita."

Niliandika sura ile kwa siku nne, nikiwa nimeketi kwenye baraza lake, na niliona kwamba ilikuwa ya kutisha kuliko zote nilizowahi kuandika, kwa kuwa binti yule anatembea kuelekea sauti, na msomaji hajui ni mama au ni kichuguu. Kibanda cha Golf nilikuwa nimeshakiaga.

Ijumaa ilipofika yaya alifunga baraza mchana na kuja nami. Hakunieleza sababu. Aliketi benchi la mwisho, magoti yakigusa meza, pini bado zimechomwa kwenye kola. Baadhi ya akina mama walisimama mlangoni, yule mwembamba akiwa mbele. Nilisoma. Nilipofika kwenye sufuria nilisikia mtu akivuta pumzi, na sikuinua macho kutazama nani. Nilipofika mwisho, binti akiwa ameitika mwito wa kwanza na kuzunguka kona ya nyumba, nilifunga daftari.

Halafu msichana wa doa la wino, ambaye siku ile shavu lake lilikuwa safi, akanyoosha kidole.

"Papa, sijaelewa. Yeye mwenyewe alidanganya. Sasa alikuwa anaogopa juu ya nini?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu refu, la mtu anayependa kueleza mambo. Sauti ilitoka nyuma ya darasa kabla yangu.

"Juu alikuwa mutoto," yaya alisema.

Vichwa vyote vikageuka. Msichana akamtazama mama huyu mgeni mwenye pini.

"Alikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi na inne."

"Basi ni mukubwa."

"Si mukubwa," yaya alisema. "Mi pia nilikuwa nawaza vile, siku mingi. Si mukubwa."

Msichana alikubali, au alichoka, kwa sababu aliyefuata alitaka kujua kama binti yule alikuta mama au alikuta kichuguu, na darasa zima likaanza kugombana, nusu upande huu, nusu upande ule. Mwalimu alipiga meza na rula bila mafanikio.

Tulirudi kwa miguu. Yaya alisimulia njia nzima, na hakusimulia juu ya siku ile. Alisimulia miaka ya baadaye, ambayo mimi sikuiona kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuzurura: jinsi mama alivyomfundisha kupima joto la munkoyo kwa kidole kidogo, jinsi alivyokuwa akimtuma kila mahali kwa sababu ya mguu na kumwita kutwa nzima, jina lake, jina lake, mpaka majirani wakamtania mama kwamba atalichakaza. "Na mimi naitika," alisema. "Kila mara. Ata kama niko na chakula mu kinywa." Kwenye baraza wateja watatu walikuwa wameketi kwenye ngazi wakimngoja, na mmoja akaanza kulalamika juu ya suruali yake. Yaya alimwambia kama ana haraka ashone mwenyewe, akatafuta funguo, akafungua.